Kufu ya Cheti

Tuanze na watu wanne wa kubuni, wote wakazi wa Mbegani, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo. Wa kwanza ni kijana mwenye stashahada ya uvuvi, ameajiriwa na halmashauri, na kwa mwezi hutia mfukoni shilingi 900,000. Wa pili ni mwalimu wa kike wa sekondari, naye hupata kiasi hichohicho. Wa tatu ni baharia katika chombo cha mtu mwingine. Ukitoa siku za upepo mbaya na usiku wa mbalamwezi ambapo dagaa hawavuliki, wastani wake ni 150,000. Wa nne ni binti anayekaanga samaki na kuwauza kwa ndoo, na faida yake ni kama ya baharia.

Sasa waozeshe. Afisa uvuvi akimwoa mkaanga samaki, na mwalimu akaolewa na baharia, tuna nyumba mbili na kila moja ina 1,050,000. Afisa akimwoa mwalimu, na baharia akamwoa mkaanga samaki, nyumba moja ina 1,800,000 na ya pili ina 300,000. Hakuna aliyepandishwa cheo wala aliyedhulumiwa, lakini nyumba moja imeipita nyingine mara sita kwa sababu tu ya nani amelala na nani chini ya paa lipi.

Hesabu hii ndiyo inayowafanya wachumi waingie katika mambo ya posa. Lakini kasoro yake ni kwamba inasimama kwenye mwezi mmoja, na utajiri haujengwi kwa mwezi mmoja. Swali la maana zaidi ni hizi 1,800,000 hufanya nini zikikaa miaka 20, kisha zikakabidhiwa kwa watoto. Jibu langu ni kwamba mishahara miwili ikikutana hununua kitu ambacho mshahara mmoja hauwezi kukinunua, nacho ni uwezo wa kungoja.

Utazame ukanda wa barabara itokayo Dar es Salaam: Bunju, Mapinga, Kerege, Kiromo, Zinga. Mwanzoni ilikuwa minazi, mikorosho na mihogo. Leo ni mabango ya viwanja. Nyumba ya watumishi wawili hula kwa mshahara wa mmoja, na wa pili hukopewa. Benki hutoa mkopo wa mshahara kwa kila mmoja wao, basi wakakamata kiwanja cha kwanza, kisha cha pili, wakaweka nguzo nne na kuondoka. Anayewauzia ni nani? Mara nyingi ni nyumba ya 300,000 iliyopatwa na maradhi, msiba au mashua iliyovunjika, ikawa haina budi kukata kipande cha shamba la babu. Kwa hiyo tofauti iliyozaliwa siku ya ndoa haikai katika mishahara. Hubadilika ikawa ardhi, na ardhi ikahama upande mmoja.

Bandari imelionyesha jambo hili kuliko lolote. Kuanzia mwaka 2013 ilisainiwa mikataba ya kujenga bandari kubwa Mbegani kwa ubia wa kampuni ya China Merchants na mfuko wa hazina wa serikali ya Oman. Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete, mwenyewe mzaliwa wa Msoga, aliweka jiwe la msingi. Mwaka 2019, chini ya Rais John Magufuli, mazungumzo yalisimama kwa sababu ya masharti aliyoyakataa, kisha baada ya 2021 habari za mradi zikaanza kusikika tena. Katika kupanda na kushuka kule, mwenye mishahara miwili alikaa kimya na kiwanja chake, kwani hakikuwa kinamdai chakula. Mwenye shamba na bahari tu aliuza mapema, au aliuza bei ilipokuwa imeanguka. Wote wawili walisikia habari ileile kutoka redio ileile.

Desturi ya kuoana kwa kufanana haikuletwa na chuo kikuu. Pwani tunalo neno lake la kale, kufu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu, vitabu vya fiqhi vinataja mambo ya kupimia: nasaba, dini, uhuru, kazi. Imam Nawawi katika *Minhaji*, kitabu kilichosomwa sana na masheikh wa mwambao, anaweka hata ngazi za kazi. Fundi cherehani si kufu ya binti wa mfanyabiashara, na mfanyabiashara naye si kufu ya binti wa mwanachuoni au kadhi. Na cha kushangaza, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo, mali haihesabiwi. Elimu imo kwenye mizani, fedha haimo. Wazee wetu huenda waliona kwamba mali huja na kwenda, ila elimu hushika mahali.

Bagamoyo ya misafara ilikuwa na ngazi zake, tena ndefu: Waarabu wa Oman, Wahindi wa dukani, Washomvi wenye majumbe wao, Wazaramo, wapagazi Wanyamwezi waliopita kwa maelfu, na chini kabisa watumwa. Ndoa ilizilinda ngazi hizo, na binamu kumwoa binamu ilikuwa njia ya kuzuia minazi isitoke kwa ukoo. Lakini ngazi ilikuwa na mwanya mmoja. Yahya bin Abdallah, ambaye watu humjua kama Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa kutoka Manyema, Kongo. Alisoma, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa ndiye mwanachuoni aliyetajwa kote pwani, mwenye wanafunzi na mashamba, na mwanawe Muhammad akarithi uongozi. Ukitaka kujua elimu inavyoweza kumtoa mtu chini na kumweka juu pamoja na uzao wake, huna haja ya kwenda mbali na kaburi lake. Tazama pia nusu ya pili ya habari hiyo: kilichomfungulia yeye mlango kilikuwa tayari urithi wa mwanawe.

Upande wa pili wa mji walikuwapo mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika mwaka 1868. Waliwakomboa watoto watumwa, wakawafundisha wavulana kilimo na ufundi, na masista wakawafundisha wasichana. Kisha wakafanya jambo ambalo mchumi wa leo angelitazama kwa hamu kubwa: waliwaozesha wanafunzi kwa wanafunzi na kuwapa nyumba katika kijiji cha Kikristo. Mwaka 1877 walipofungua kituo cha Mhonda, huko bara, walipeleka wanandoa vijana kutoka Bagamoyo wakawe mbegu. Ng'ambo ya mlango wa bahari, Unguja, Waanglikana walikuwa na mpango wa namna hiyohiyo: wavulana Kiungani, wasichana Mbweni, na wasichana wa Mbweni walilelewa wakijua kuwa walimu wa Kiungani ndio wachumba. Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa upadre, mwaka 1890, alikuwa amemwoa Lucy, zao la Mbweni.

Hawa hawakuwa na ukoo wa kujivunia. Utumwa ulikuwa umewakata na nasaba zao, na ndiyo maana cheti kiliweza kuwa nasaba mpya. Kufu ya cheti, kama naweza kuiita hivyo, ilianzia kwa watu waliokuwa hawana kitu kingine cha kuwekea mizani.

Baada ya hapo ikapanda. Mwaka 1953 Julius Nyerere, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka Edinburgh na shahada, alimwoa Maria Gabriel, mwalimu aliyesomeshwa na masista wa kanda ya ziwa. Wazee wa kwao walikuwa wameshamposea binti mwingine zamani, kwa mila, lakini uchumba huo haukufika mwisho. Simtaji ili kumnyooshea kidole, kwani mtu husema na anayemwelewa. Namtaja kwa sababu safari ile, kutoka mchumba wa wazee hadi mchumba wa darasani, imefuatwa na maelfu.

Shule za bweni za taifa ziliizidisha safari hiyo. Serikali ya uhuru iliwatawanya wanafunzi kwa makusudi, wa Kagera akasome Tabora, wa Mtwara akasome Moshi, na Jeshi la Kujenga Taifa likawachanganya tena kwa jembe na gwaride. Tunajisifu, na tuna haki, kwamba hapa Mhaya humwoa Mpare na Mkwere akaolewa na Mnyakyusa bila vita. Lakini chunguza walikokutana. Kabila lilipoondolewa mlangoni, mlango wenyewe ulibaki, na aliyeingia ni yule aliyefaulu. Tulivunja ukuta wa kabila kwa matofali ya darasa.

Kwa muda mrefu athari ya wasomi kuoana wenyewe kwa wenyewe ilizuiwa na jambo lisilopendeza: wanawake waliosoma walikuwa wachache mno. Mwanamume mwenye shahada katika miaka ya 1970 hata angetaka mwenzake, wangapi walikuwapo? Alirudi kijijini akaoa aliyefika darasa la nne, au hakufika popote. Kila ndoa ya namna hiyo ilikuwa daraja: mshahara wa serikali uliingia katika ukoo wa wakulima na wavuvi, na shemeji wakasomeshwa. Wenye gharama ya daraja hilo walikuwa wanawake wenyewe. Kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, ni picha yake kamili. Mume alikuwa na ajira, mke hakuwa nayo. Walipoachana, mahakama ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, na wanasheria wanaishangilia hukumu hiyo hadi leo. Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu, kwani mahakama iliona kuwa fedha alizopewa na mumewe za kuanzisha mradi alizitapanya. Sheria ilishinda, mwenye kesi akashindwa.

Ndipo ninapofika kwenye fundo ambalo watu wengi hawapendi kulifungua. Elimu ya wote iliyotangazwa Musoma mwaka 1974, kufutwa kwa ada ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, shule za kata, mikopo ya elimu ya juu iliyoanza kutolewa na Bodi ya Mikopo mwaka 2005, kufutwa kwa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016: yote haya yaliwainua wasichana, na ndani ya nyumba pengo la mume na mke likapungua. Hapohapo wasomi wa kiume wakapata wenzao. Usawa ulipoingia chumbani, tofauti ikatoka nje ikasimama baina ya nyumba na nyumba. Anayetumia hoja hii kusema wasichana wasisome amekosa aibu. Hata hivyo, kutoisema ni kujidanganya.

Je, uzito wa kuoana kwa kufanana katika tofauti hiyo ni kiasi gani? Hapa maneno makali hupungua. Mwaka 2014 wachumi wanne wakiongozwa na Jeremy Greenwood walichapisha hesabu iliyosambaa duniani: kama Wamarekani wangeoana ovyo bila kuchagua, kipimo cha kutokuwa na usawa cha Gini kingeshuka kutoka 0.43 hadi 0.34. Baadaye wenyewe walitoa sahihisho na athari ikawa ndogo sana, ila sahihisho halikusambaa kama kosa. Utafiti wa Eika, Mogstad na Zafar wa mwaka 2019, uliotazama Marekani na nchi kadhaa za Ulaya pamoja na Norway, ulikuta kwamba kuoana kwa kufanana huongeza tofauti ya vipato kwa kiasi kinachoonekana, lakini hakuelezi kwa nini tofauti hiyo imekua. Wakaona na jambo jingine: kubanana kwa wenye shahada kulikuwa kunalegea, na waliozidi kuoana wenyewe kwa wenyewe ni wale waliosoma kidogo.

Kwa Afrika, Luca Maria Pesando alikusanya takwimu za kaya kutoka nchi 39 za kusini mwa Sahara, akachapisha mwaka 2021. Kuoana kwa kufanana kielimu kulieleza kati ya asilimia 3 na 12 ya tofauti ya utajiri baina ya kaya, na mabadiliko ya uoaji kwa miaka hayakusogeza sana mwenendo wake. Asilimia 12 si kitu cha kudharau, na asilimia 3 si kitu cha kuvunjia posa. Lakini utajiri katika tafiti za namna hii hupimwa kwa paa, sakafu, choo, friji, pikipiki. Bei ya kiwanja cha Mapinga haimo. Pensheni mbili hazimo. Na zaidi ya yote, dodoso huuliza nyumba ilivyo leo, halifuati ukoo.

Nikiufuata ukoo naona mambo yakichelewa kujitokeza, na kuchelewa huko ndiko kunakotudanganya. Wanandoa wasomi wa kizazi cha kwanza hawatajiriki sana. Wote wawili wametoka kwenye nyumba za makuti. Mshahara ukitoka, kuna ada ya mdogo wa mume, matibabu ya mama mkwe, bati la baba, mchango wa arusi ya binamu. Wenye mishahara miwili wana koo mbili, na koo zote mbili zina njaa. Ni kodi isiyokusanywa na mamlaka yoyote, na imesomesha watu wengi kuliko mifuko mingi ya wafadhili. Kizazi cha pili ni tofauti. Mtoto wa wasomi wawili anamwoa mtoto wa wasomi wawili, na sasa mababu wanne wana pensheni, nyumba, pengine gari. Hakuna wa kuvutwa. Mjomba ni mhasibu, shangazi ni muuguzi, binamu yuko Muscat. Fedha yote inageukia chini, kwa mtoto mmoja au wawili: shule ya mchepuo wa Kiingereza, masomo ya ziada, kiwanja kilichonunuliwa kabla mtoto hajajua kuhesabu. Kizazi cha tatu ndicho kinachozaliwa sasa. Kamba iliyokuwa ikiwavuta wengine haikukatwa kwa uchoyo. Ilikosa tu mtu wa kushika upande wa pili.

Bagamoyo yenyewe inaionyesha hali hiyo kwa jiografia. Shule ya Wasichana ya Marian hutajwa karibu kila yatokapo matokeo ya kidato cha nne, miongoni mwa zinazoongoza nchini. Mabasi huleta wanafunzi kutoka mikoani, na wazazi huja siku ya kutembelea na kununua nazi na dagaa njiani. Mtoto wa muuza nazi yuko shule ya kata. Wawili hao ni majirani kwa ramani tu, na katika soko la ndoa wako nchi mbili.

Mambo ya kupunguza makali yapo, nayo ni ya kwetu. Mirathi ya Kiislamu hugawa, na pwani mnazi unaweza kurithiwa peke yake bila ardhi uliposimama, hata ukamkuta mtu mwenye minazi mitatu katika shamba la watu saba. Mali kubwa haidumu sana katika mfumo huo. Lakini sheikh anapogawa mirathi hagawi shahada, wala mazoea ya kusoma usiku, wala namba ya simu ya anayejua kazi zilipo. Talaka nazo, ambazo pwani si haba, huvunja jozi kabla haijalimbikiza. Na mitala, iliyotambuliwa na Sheria ya Ndoa ya 1971, ina mchezo wake: ofisa ana mke mwenye shahada Mbezi, na mke wa pili Bagamoyo ambaye hana cheti, na mshahara mmoja unagawiwa tabaka mbili. Sijui mtaalamu gani ataipendekeza kama sera.

Sera haiwezi kumchagulia mtu mchumba, na ikijaribu itachekwa. Mchagua nazi hupata koroma, waambie wote wawili, waziri na mshenga. Kinachoguswa na sera ni muda. Ada ya kidato cha tano na cha sita ilifutwa mwaka 2022, na kila ada inayofutwa ni miaka ya kungoja aliyopewa mtoto wa asiye nacho. Kwa upande wa pili, Sheria ya Ndoa iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019. Anayeolewa akiwa na miaka 15 hukosa shule, na hukosa pia mahali ambapo wachumba wenye mishahara hukutana. Chuo kikuu, ukiacha vitabu vyake, ni baraza kubwa la posa, na wanaoingia ni waliomudu kungoja.

Nawarudia wale wanne, waliooana kwa kufanana. Miaka 20 imepita, na kila nyumba ina binti. Wa mwalimu amemaliza kidato cha sita na amekaa nyumbani akingoja majina ya waliochaguliwa chuoni. Kiwanja cha Zinga kiko palepale na nguzo zake. Wa mkaanga samaki amemaliza cha nne, cheti kimekuja na daraja la nne, na tangu Jumapili iko barua ya posa juu ya meza, imefungwa kwa kitambaa cheupe na ndani yake noti chache za kufungulia mdomo. Mposaji ni kijana mwema, baharia, anaswali, hanywi. Mshenga amesema atapita Ijumaa baada ya swala. Mama anawageuza samaki kwenye mafuta, na hajajua amjibu nini.